Jinsi ya kumpikia mgonjwa wa figo hapa Dodoma bila kumshindisha njaa

Jamani naomba niandike hii kitu kwa urefu kidogo maana maswali ni mengi na kila wiki najibu mtu mmoja mmoja, unakuta mtu kanisimamisha sokoni Majengo ana mfuko wa nyanya mkononi ananiuliza dada hivi baba naweza kumpa maharage, sasa pale huwezi kusema ndiyo au hapana ukaendelea na safari, jibu lake lina maswali ndani yake. Mimi ni afisa lishe, na miaka mingi ya kazi yangu imeishia kwa wagonjwa wa figo, wale ambao hawajafika kwenye mashine na wale ambao wanaenda kusafisha damu mara tatu kwa wiki. Nimepika nao majikoni kwao, Kikuyu, Chang'ombe, mpaka vijiji vya Chamwino huko, na ninachoandika hapa ndicho nilichoona kinafanya kazi kwenye mafiga na kwenye jiko la mkaa.

Kabla sijaanza niseme kosa langu mwenyewe. Nilipoanza kazi, mahali nilipokuwa kulikuwa na karatasi moja ya fotokopi tunampa kila mgonjwa wa figo, imetoka nje ya nchi, upande wa kushoto vyakula vya kula, huko kuna brokoli na krenberi na vitu ambavyo mimi mwenyewe nilikuwa sijawahi kuvitia mdomoni, upande wa kulia vya kuacha, na huko kulia kulikuwa na karibu kila kitu kinachoota au kuuzwa hapa kwetu. Nikampa mama mmoja mtu mzima kutoka upande wa Mvumi. Akarudi baada ya miezi miwili nguo zinamning'inia, kapungua kilo saba, namuuliza mama unakula nini, akaniambia ugali mweupe na chai ya rangi. "Mwanangu, mlisema nisile, na mimi sijala." Ile karatasi sijaitoa tena kwa mtu.

Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa, kabla hujaenda sokoni, kaa na karatasi ya vipimo. Sio ya mwaka jana, ya mwezi huu. Unatafuta mambo machache tu: potasiamu na fosforasi, hayo ni madini ya kwenye damu, albumini ambayo ni protini ya kwenye damu, sukari kama ana kisukari, na uzito wake. Alafu maswali mawili ambayo hayako kwenye karatasi, je ameshaanza dayalisisi, yani kusafisha damu kwa mashine, au bado, na kwa siku anakojoa kiasi gani. Bila majibu ya hayo mtu yeyote anayekwambia "mgonjwa wa figo asile hiki" anabahatisha, hata kama ana nia njema, hata kama ni shangazi aliyemuuguza mtu mwingine. Mgonjwa wa huyo shangazi alikuwa na potasiamu ya 6.2, wa kwako ana 4.1, halafu mnapika chungu kimoja? Kawaida potasiamu kwenye damu inakaa kati ya 3.5 na 5 hivi, ikivuka 6 hiyo ni habari ya kupiga simu hospitali siku hiyo hiyo, maana inaweza kusimamisha moyo bila kutoa taarifa ndefu. Miongozo ya lishe ya figo iliyotoka Marekani mwaka 2020, ambayo sisi wa kazi hii tunaitumia sana, haikuweka namba moja ya potasiamu ya kula kwa watu wote, imesema rekebisha chakula kufuatana na damu ya mgonjwa. Yani wataalamu wenyewe waliacha kutoa amri moja kwa wote, sisi nyumbani kwanini tung'ang'anie.

Sasa tuje kwenye protini, hapa naomba usome taratibu maana hapa ndipo naona watu wengi wanaumia.

Kuna wakati mbili. Kabla ya mashine, protini inapunguzwa, sababu uchafu mwingi ambao figo linatakiwa kuutoa, ile urea, unatokana na protini. Hili wazo lina historia ndefu, Waitaliano wawili, Giordano kule Naples na Giovannetti kule Pisa, mwaka 1963 na 1964 walionyesha kwamba mgonjwa ambaye figo zimekwisha ukimpa protini kidogo sana lakini ya ubora, mayai hasa, na chakula cha kumtia nguvu cha kutosha, kichefuchefu na kuwashwa vinapungua na anapata unafuu. Enzi hizo mashine za kusafisha damu zilikuwa za kuhesabika kwa hiyo chakula ndiyo ilikuwa dawa. Baadaye Marekani wakafanya utafiti mkubwa wa watu 840, matokeo yakatoka 1994, wakakuta faida ya kupunguza protini katika kuchelewesha ugonjwa ipo lakini sio kubwa kama ilivyotarajiwa. Naleta haya yote ili uelewe kwamba kupunguza ni jambo la kipimo. Kwa sasa mtu ambaye hajaanza dayalisisi anapangiwa kama gramu 0.6 mpaka 0.8 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, ile ya chini kabisa inataka mtu wa lishe akufuatilie kwa karibu.

Mama wa kilo 60 basi ni gramu 36 mpaka 48. Sasa angalia jikoni kwetu. Ugali wa siku nzima, tuseme unga wa sembe gramu 300, peke yake una kama gramu 22 za protini, watu huwa wanashangaa kwamba ugali una protini lakini unayo, na wa uwele unayo zaidi. Ongeza yai moja gramu 6, ongeza nusu kikombe cha maharage yaliyoiva gramu 7, umeshafika 35 bila hata kununua nyama, mboga za majani zinamalizia. Kwahiyo mgonjwa wa kijijini ambaye hajaanza mashine mara nyingi anakula kiasi cha kufaa tayari, ukija na sheria ya "acha protini" unamtoa kwenye kufaa unamuingiza kwenye kukonda.

Akishaanza dayalisisi mambo yanageuka kabisa. Ile mashine ikisafisha damu inatoa uchafu lakini pia inaondoka na vipande vya protini, amino asidi, kila anapokaa pale masaa manne. Anahitaji gramu 1.0 mpaka 1.2 kwa kilo, kwa hiyo mama yule yule wa kilo 60 sasa ni 60 mpaka 72. Karibu mara mbili! Na hapa nyumba nyingi hakuna aliyewaambia, wanaendelea na kile kizuizi cha mwanzo, nyama hapana, mayai hapana, samaki hapana, mgonjwa yuko kwenye mashine mwaka mzima anakula kama vile hajaanza, albumini inashuka, misuli inaisha, miguu inavimba, na wakiona miguu imevimba wanasema figo zimezidi wanapunguza chakula tena. Nimeliona hili mara nyingi mno na linaniuma kuliko kitu chochote kwenye kazi hii. Kama mgonjwa wako ameanza kusafisha damu, leo hii hii rudisha yai. Mayai mawili kwa siku, kipande cha nyama au kuku au samaki kilichoiva cha gramu 100 hivi, ukubwa wa kiganja bila vidole, hicho kina kama gramu 25, ugali wake ule ule 22, hapo umefika karibu 60, ongeza nusu kikombe cha maharage yaliyochemshwa vizuri ufike 66. Hakuna haja ya unga wa protini wa kwenye kopo unaouzwa bei ya mbuzi.

Na nguvu. Mwili ukikosa kalori unachoma ile protini kama kuni, umepika nyama kwa hasara. Mtu wa kilo 60 anataka kama kalori 1,500 mpaka 2,100 kwa siku. Hapa sisi watu wa kanda ya kati tumebarikiwa mafuta ya alizeti, kijiko kimoja kikubwa ni kalori kama 120 na hakina potasiamu wala fosforasi ya kuhesabu. Mgonjwa aliyekonda mboga yake iunge na mafuta ya kutosha, usimhesabie matone.

Chumvi. Sasa hapa nitakuwa mkali kidogo. Kijiko kimoja cha chai, cha kusawazisha sio cha mlima, ndiyo chumvi yote ya mtu mmoja kwa siku nzima, asubuhi mpaka usiku, na ndani yake kuna ile iliyoko kwenye mkate na kwenye vipaketi vya mchuzi. Kwa mgonjwa wa figo nashauri upungue hapo. Sababu ni hii, maji ya dripu yale ya chumvi yana gramu 9 za chumvi kwa lita moja, ndiyo ukali wa damu yetu. Maana yake kila gramu 9 za chumvi atakazokula mwili utataka kuzishikia lita nzima ya maji, na lita ya maji ni kilo moja kwenye mizani. Mgonjwa anayekuja kwenye mashine na kilo nne za maji amekula chumvi kwanza ndipo kiu ikamfuata, halafu mnamgombeza kwa kunywa maji. Kiu hiyo mmempikia.

Vipaketi vya viungo vya mchuzi na vile vidude vya supu vya mraba, toa jikoni kabisa, ni chumvi imevaa nguo. Ladha ipo kwingine na Dodoma hatujapungukiwa: kitunguu maji kikaangwe mpaka kiwe na rangi, swaumu, tangawizi, bizari, hoho, giligilani, ndimu ya kukamulia mwishoni sahani ikishawekwa mezani. Ndimu inaudanganya ulimi usione chumvi haipo. Wiki mbili tatu za mwanzo atalalamika, mpe muda, ulimi unazoea kweli.

Halafu magadi. Hii hakuna karatasi ya kutoka nje itakwambia kwa sababu wao hawapiki mlenda. Magadi karibu theluthi ya uzito wake ni sodiamu, ile ile ya kwenye chumvi, kwa hiyo mtu anakwambia mimi chumvi nimeacha kabisa na kila siku kuna kipande cha magadi kwenye mlenda na kingine kwenye maharage ili yaive haraka. Acha. Maharage yaloweke usiku, yataiva bila magadi. Na wale mnaotumia maji ya majivu badala ya magadi, mkidhani ni ya asili kwa hiyo hayana neno, majivu yana potasiamu nyingi mno, hata jina potasiamu Wazungu walilitoa kwenye majivu ya chunguni. Na zile chumvi za dukani zilizoandikwa zinafaa watu wa presha, nyingi ndani ni kloridi ya potasiamu, kwa mwenye presha tu zinaweza kumfaa, kwa mwenye figo na potasiamu iliyopanda ni hatari kubwa. Soma nyuma ya kopo. Kama dokta kakuandikia dawa ya baikaboneti kwa ajili ya asidi ya kwenye damu meza hiyo kwa dozi yake, usiibadilishe na magadi ya sokoni kisa vinafanana.

Potasiamu sasa, na hii ni kwa yule ambaye kipimo kinasema imepanda, kama haijapanda usimtese. Njia ni kuchemsha na kumwaga. Mchicha, majani ya maboga, matembele, kata kwanza vipande vidogo ndiyo uoshe, weka kwenye maji mengi yanayochemka, angalau mara tano ya mboga yenyewe, chemsha dakika kadhaa, mwaga maji yote, kamua kidogo, kisha unga kwenye mafuta na kitunguu. Yale maji usiyafanye supu, usimpe mtu anywe kama dawa ya kuongeza damu, potasiamu iko mle. Ukipika kwa mvuke au ukifunika na maji kidogo ya kujikaushia haujatoa kitu. Kabichi yenyewe ina potasiamu ndogo ukilinganisha na mchicha, siku umechoka pika kabichi.

Viazi menya, kata vipande vidogo ndipo uchemshe, potasiamu inaweza kupungua karibu nusu. Watu wanapenda kuviloweka usiku kucha wakidhani kazi imeisha, kuloweka peke yake hakutoi kiasi cha maana, kuchemsha vikiwa vimekatwa ndiyo kunatoa. Maharage loweka, mwaga maji, chemsha, mwaga tena, malizia na maji mapya. Ni kweli na vitamini nyingine zinaondoka na yale maji, ndiyo maana mgonjwa wa dayalisisi anaandikiwa vidonge vya vitamini, asiviache.

Matunda ya huku. Zabibu zetu za Dodoma mbichi, kichala kidogo, vipunje kumi kumi na tano, mara nyingi hakuna shida. Zilizokaushwa hapana, maji yametoka na madini yamebaki, gramu ile ile ina potasiamu karibu mara nne. Ubuyu nao naujua ulivyo mtamu na najua wageni wote wanaondoka nao, lakini unga wa ubuyu una potasiamu nyingi sana, juisi ya ubuyu kwa mwenye potasiamu ya juu ni kumtafutia matatizo, na mwenye figo usimpe kwa sababu mtu kasema unasafisha figo. Ndizi mbivu, parachichi, madafu, juisi ya machungwa, kwa kipimo kidogo au pumzisha kabisa mpaka damu ishuke. Embe kipande, tikiti kipande maana hilo lina maji pia. Tufaha na nanasi ni nafuu. Mboga kavu za kiangazi, zile tunazohifadhi kwa ajili ya mwezi wa tisa wa kumi, chukua kidogo kuliko macho yanavyokwambia, mkono mmoja wa mboga kavu ulikuwa karai zima la mbichi.

Na kama umepika vizuri yote hayo na potasiamu bado iko juu, usimlaumu mpishi kwanza. Uliza kama amekosa siku ya mashine. Uliza kama anapata choo, mgonjwa wa figo anatoa sehemu ya potasiamu kwa njia ya choo, akikaa siku nne bila choo inapanda. Uliza dawa za presha, enalapril, losartan, spironolactone, zinapandisha, usiziache mwenyewe ila mwambie dokta. Nimewahi kukuta nyumba wamemzuia mzee mpaka kitunguu kumbe shida ilikuwa choo kigumu.

Fosforasi sitakaa sana. Ya kwenye nafaka nzima na maharage mwili unafyonza kwa sehemu tu kwa sababu imefungwa, ya nyama na maziwa inaingia zaidi, ya viwandani, inayowekwa kwenye soda nyeusi za kola na soseji na nyama za kopo, inaingia karibu yote. Kwahiyo ukitaka kupunguza anza na soda na soseji kabla hujagusa maharage. Uwele na mtama vina fosforasi na potasiamu nyingi kuliko sembe na mchele, vipimo vikiwa vibaya changanya, nusu uwele nusu sembe, ila mzee wa Kigogo aliyekula uwele miaka sabini ukimkataza kabisa ataacha kula, na mimi nachagua ale. Dagaa wanaoliwa na mifupa punguza. Na vile vidonge vya kalsiamu alivyoandikiwa vya kushika fosforasi vinamezwa pamoja na chakula, katikati ya kula, akimeza saa mbili baadaye havina cha kushika.

Maji. Kwa aliyeko kwenye dayalisisi chukua kopo lenye vipimo, pima mkojo wa masaa 24, ongeza nusu lita, hicho ndicho kiasi chake cha kunywa kwa siku. Akikojoa mililita 300 basi ni 800. Na ndani ya hiyo 800 kuna chai, kuna uji, mchuzi, maziwa, maji ya kumezea dawa, barafu, vyote. Kikombe kikubwa cha uji asubuhi ni 300 zimeshaondoka. Joto la mwezi wa kumi na moja hapa na lile vumbi, koo linakauka kweli, nawaonea huruma, kwahiyo jaza chupa moja asubuhi yenye kiasi chake chote, kila akinywa chai mwaga kiasi kile kile kutoka kwenye chupa, ataona kwa macho yake kilichobaki. Atumie kikombe kidogo cha kahawa, asukutue mdomo ateme, anyonye kipande cha ndimu. Kati ya siku moja ya mashine na nyingine mtu wa kilo 60 asiongeze zaidi ya kilo mbili, mbili na nusu. Ila yule ambaye hajaanza mashine na anakojoa vizuri usimbane maji kwa kusikia tu, wengi hao wanatakiwa wanywe kawaida, na akiharisha au kutapika akapungukiwa maji figo zinaumia zaidi.

Mambo mengine ya haraka. Mwenye kisukari sukari ikishuka mpe maji ya sukari, vijiko vitatu vinne vya chai kwenye glasi ndogo, usimkimbizie juisi ya machungwa. Dawa za mitishamba za kusafisha figo, mizizi na magome ya kuchemsha, naomba sana usimpe, zipo zinazomalizia kile kidogo kilichobaki, na dawa za maumivu kama diclofenac na ibuprofen vilevile. Na kwa ndugu waliopandikizwa, maana Hospitali ya Benjamin Mkapa hapa hapa Dodoma walianza kupandikiza mwaka 2018 na sasa tuna majirani wanaoishi na figo la ndugu yao, kwenu tishio kubwa linakuwa vijidudu na uzito, sio tena orodha hii. Maziwa yachemke, nyama iive mpaka ndani, kachumbari ya barabarani acha, balungi acha kabisa linagombana na dawa za kulinda figo, na zile dawa zinapandisha hamu ya kula na sukari kwa hiyo angalia sahani.

Wadogo zangu mnaosoma lishe pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, na kwingine, mkija kwenye figo njooni tu, tuko wachache. Nilifundishwa na profesa mmoja ambaye maisha yake yote ya kazi aliyatumia kwenye chakula cha wagonjwa wa figo, na mtihani wake wa mwisho ulikuwa kutupa karatasi ya damu ya mgonjwa na shilingi elfu tano, tuende sokoni turudi tupike. Ukishindwa kupika hukufaulu, hata kama hesabu zako za gramu ziko sawa. Nilipompa yule mama wa Mvumi ile fotokopi nilikuwa nimeshafaulu mtihani huo na nikausahau.

Yule mama alipona kukonda, na kilichomrudisha mezani ni mlenda, kwa hiyo namalizia na huo, wa watu wanne mgonjwa akiwemo, ili asipikiwe chungu cha peke yake kama aliyetengwa. Chukua majani ya maboga fungu moja, toa nyuzi, katakata, osha. Chemsha kwenye maji mengi dakika tano, mwaga maji yote. Kwenye sufuria hiyo weka maji kikombe kimoja tu yachemke, katia bamia tano sita vipande vyembamba, hizo ndizo zitarudisha ule utelezi uliomwagika na nafasi ya magadi zitaishika. Koroga na upekecho mpaka zivute. Rudisha majani, weka nyanya moja na kitunguu ulichokwisha kaanga pembeni kwa alizeti vijiko vitatu. Karanga za kusaga, kama potasiamu na fosforasi ziko sawa weka kijiko kimoja kikubwa kwa sufuria nzima, kama ziko juu ruka, ongeza mafuta. Chumvi usiweke kwenye sufuria. Pakua ya mgonjwa kwanza, nusu kikombe, kamulia ndimu kidogo sana maana ikizidi inakata utelezi, waliobaki wajitilie chumvi kwenye sahani zao. Pembeni ya ugali wake weka yai la kuchemsha au kile kipande cha kuku kama ni wa mashine, kaa naye mpaka amalize, na asubuhi kabla hajanywa chai mpandishe kwenye mizani uandike.